Kipande Kilichobaki Dar

Shangazi yangu Waride Hilal ameosha maiti za wanawake wa Mahege kwa miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo sijasikia akilaumiwa ila kwa jambo moja: ni msumbufu. Akiosha hataki haraka. Wanaume wamesimama nje na jeneza, sheikh anatazama saa, jua linakwenda, yeye ndani anatafuta unywele. Ndiyo, unywele. Maiti ikichanwa na unywele ukatoka, anauokota, anauweka kwenye pamba na kuufunga ndani ya sanda pamoja na mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Mbwara alikatwa kidole cha mguu kwa sababu ya kisukari miaka minne kabla hajafa. Shangazi aliwauliza wanawe kidole kilizikwa wapi, na walipoanza kutazamana akaweka kata chini, akakaa. Hakuendelea mpaka mmoja wao alipokumbuka kwamba kilizikwa nyuma ya nyumba, kwenye mkorosho.

"Mtu anarudi kwa Mola wake akiwa mzima," husema. "Mimi kazi yangu kumfungasha. Nikisahau kitu, lawama yangu."

Mimi ni Hemedy, mtoto wa kaka yake. Nilikuwa fundi simu Kibiti mjini, na fundi wa mashine za fotokopi pia, maana ofisi za pale mashine zao huugua kuliko watu. Miaka mitatu iliyopita Daktari Ridhiwani, mwalimu wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, aliharibikiwa na gari akaja kuchaji simu kibandani kwangu. Akanikuta nimeifumua fotokopi kuukuu na mota yake nimeifunga kwenye mbuzi, nakunia nazi. Alicheka sana, akachukua namba yangu. Baada ya mwezi nikaitwa maabara.

Kazi ilikuwa kutengeneza mashine ya kuchapa nyama. Nasema nyama kwa sababu ndivyo nilivyomweleza shangazi, naye akatema mate chini. Wenyewe husema tishu. Mashine ya namna hiyo ukiinunua Ulaya ni bei ya nyumba tatu za Kibiti na shamba la mikorosho juu. Lakini wapo watu wameweka michoro yao wazi mtandaoni, anayetaka aichukue, aibadilishe atakavyo, asiombe ruhusa. Sisi tuliichukua. Fremu tuliitoa kwenye mashine mbovu ya kuchapia vitu vya plastiki, mota nikazitoa nilikozoea kuzitoa, na mahali pa wino tukafunga bomba la sindano. Ndani ya bomba unatia uji mzito wa jelatini uliochanganywa na seli, yaani zile chembe hai ambazo mwili umejengwa kwazo. Mota inasukuma, uji unatoka kama uzi, mstari juu ya mstari, kisha unaupiga taa maalumu ugande, na mwisho unapata kitu kama kipande cha ngozi.

Kama. Neno hilo nalisisitiza sasa, na wakati ule sikulisisitiza. Kitu chenyewe hakiwezi kushonwa kwenye mwili wa mtu. Ni cha kujaribia dawa za vidonda, na cha wanafunzi kuandikia tasnifu zao. Huenda baada ya miaka ishirini kitamfaa mgonjwa, Inshallah, lakini kidonda hakina subira ya miaka ishirini.

Salwa alikuwa binti wa shangazi, wa pekee aliyekua. Wawili waliomtangulia walikufa wachanga na mama yao akawaosha kwa mkono wake. Alikuwa binamu yangu, kwa hiyo mtani wangu, na tangu ana miaka sita akiniita mume wangu wa bure. Aliuza petroli ya chupa kando ya barabara, mezani kwake akiwa na faneli ya bati na kipande cha kanga kuwa kichujio. Hatua tatu nyuma yake alikaa mama wa mihogo ya kukaanga. Kila mtu aliona kwamba petroli na jiko la mkaa vimekaa jirani, na kila mtu alinunua mihogo. Mwezi wa tatu, akimimina mafuta kwenye tangi la bodaboda, upepo ukageuka.

Aliungua kifua, mgongo na mikono yote miwili. Alilazwa wodi ya walioungua katika hospitali moja ya Dar, na shangazi akaja na mkeka wake wa ukindu, akawa analala chini ya kitanda cha mwanawe. Madaktari walisema ngozi nzima iliyobaki haitoshi kubandika kwenye iliyoungua. Walisema mbele ya mama yake, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopungukiwa mabati.

Siku ya nne Daktari Ridhiwani alinikuta kwenye korido. Alikuwa akitafuta wagonjwa wa kujitolea kipande cha ngozi nzima kisichozidi upana wa sarafu ya shilingi mia, kwa ajili ya mashine yetu. Sampuli kumi na sita za mwanzo zilikuwa zimekufa au zimeshikwa na ukungu. Hakujua kwamba Salwa ni ndugu yangu, na alipojua alisikitika kweli, kisha akanipa fomu nimtafsirie. Ilikuwa ya Kiingereza. Katika nchi hii mtu akitaka kukukata nyama lazima akuombe kwa Kiingereza.

Nikaanza kuwatafsiria, sentensi moja moja. Kwamba watampiga ganzi. Kwamba jina lake halitaandikwa, itaandikwa namba. Kwamba anaweza kukataa na asifanywe kitu. Nikafika sentensi ya saba: sampuli hii haitatumika kumtibu aliyeitoa. Niliiona, na niliielewa vizuri kuliko zote.

"Kwa hiyo ndiyo ile mashine yako ya kuchapa ngozi?" Salwa akaniuliza. Alikuwa hajatabasamu tangu aungue.

"Ndiyo hiyo."

"Basi unichape mweupe kidogo, mume wangu. Usije ukanichapa mweusi kama wewe."

Shangazi alicheka mpaka akajifunika uso kwa ushungi, na Salwa naye akacheka, ingawa kucheka kulimuuma. Nikairuka ile sentensi. Nikasoma ya nane. Shangazi akatia dole gumba kwa niaba ya mwanawe, kwa kuwa mikono ya mwanawe ilikuwa imefungwa bandeji.

Wakamkata kipande ndani ya paja la kushoto, wakashona nyuzi mbili.

Tangu hapo kila nikienda wodini swali lilikuwa moja. "Imefikia wapi ngozi yangu?" Nami jibu langu moja: "Bado kidogo." Kibaya zaidi ni kwamba sikuwa nikidanganya yote. Seli za Salwa zilishika. Zile kumi na sita zilitushinda, lakini sampuli ya kumi na saba ilitandaa chini ya chupa, ikajaa, tukaigawa chupa mbili, zikajaa, tukazigawa nne. Wanafunzi walishangilia. Nilikuwa nikitoka kwenye chupa zinazojaa nakwenda kwenye kitanda ambacho mtu wake anapungua, na sikuthubutu kuviweka viwili hivyo pamoja akilini.

Alikufa siku ya kumi na tisa. Sumu ya vidonda iliingia kwenye damu. Neno lake la mwisho kwangu, jana yake, lilikuwa nisisahau kuacha alama ya chanjo begani, maana bila hiyo mama hatamtambua.

Tulimrudisha Mahege. Wanawake walimsihi shangazi awaachie wengine josho, akawaambia waondoke mlangoni. Alimwosha mwenyewe, bila kusugua, maji anayamimina tu pale ngozi ilipokwisha. Mimi ndiye mtani wa marehemu. Desturi ilikuwa nizuie jeneza, nidai mke wangu, niwachekeshe watu matangani. Nilikaa chini ya mnazi sikuweza kutamka hata salamu. Ndipo nikaitwa kwenye dirisha la uani.

Shangazi alizungumza akiwa ndani, sikumwona uso.

"Hemedy. Hapa pajani pana tundu lina nyuzi mbili. Hapa hapakuungua. Hapa pamekatwa."

"Ndiyo, shangazi. Ni kile kipande cha maabara."

"Kiko wapi?"

Wallahi nilitaka kumliwaza. Sikuwa na nia nyingine. "Kiko Dar, shangazi. Na kiko hai. Bado kinakua."

Nikasikia maji yanadondoka kwenye ufuo, ule mfereji unaochimbwa kupokea maji ya maiti. Kisha akasema, "Haya," na josho likaendelea.

Tukazika. Tanga likaondolewa siku ya tatu kama kawaida. Ilipokaribia arobaini watu wakaanza kuuliza mchele na mbuzi, naye akawajibu kwamba hakuna hitima. Nikapigiwa simu na Zena, jirani yake, kwamba njoo, shangazi yako akili inamtoka. Nikaenda. Nilimkuta mzima kabisa, anasuka ukili, na jibu analo.

"Nitamsomeaje hitima mtu ambaye hajamaliza kufa?" akaniambia. "Wewe mwenyewe ulinambia kiko hai. Kilete nikifungashe. Kikishaingia ardhini, nitasoma."

Nilimkimbilia Sheikh Swalehe anisaidie. Sheikh alikuja, akamweleza kwa upole kwamba kilichokatwa mtu akiwa hai hufungwa kitambaa kikazikwa, basi, hakina josho. Shangazi akamuuliza: na kile kilichokatwa kikabaki hai baada ya mwenyewe kufa, kitabu kinasemaje? Sheikh Swalehe akasema atatazama. Mpaka leo anatazama.

Arobaini ikapita bila hitima. Miezi miwili, mitatu. Mahege walianza kumsema, kwanza kwa huruma, halafu bila huruma. Alikonda. Aliacha kulala chumbani, akawa analala barazani, kwa sababu anayesubiri mgeni halali ndani. Nikamwendea Daktari Ridhiwani. Si mtu mbaya, naomba nisieleweke vibaya. Alinikalisha, akanipa chai. Akasema sampuli ya kumi na saba ndiyo pekee iliyoshika, wanafunzi wanne wanaitegemea, na kwa mujibu wa fomu ikishapewa namba si ya mtu tena. "Hata tukirudisha, Hemedy, turudishe nini? Zimeshagawanyika mara ngapi sasa? Kile kipande chenyewe hakipo."

Alisema kweli. Kwenye chupa Salwa ni maji ya rangi ya zabibu yasiyo maangavu sana. Nilijua nikimpelekea shangazi kichupa cha maji hatakikubali. Alitaka kitu cha kushika na kukivisha sanda. Basi nikaamua kumchapia.

Nilifanya Ijumaa, wenzangu walipokwenda kuswali na mimi nikajitia nina kazi. Nilichanganya seli zake na jelatini, nikajaza bomba, nikachora duara la upana wa sarafu ya shilingi mia. Mashine niliyoijenga kwa mikono yangu haijawahi kufanya kazi nzuri kama siku ile. Mstari juu ya mstari. Nilipotaka kuwasha ile taa ya kugandisha, umeme ukakatika, na nje nikasikia watu wameanza kurudi. Nikakifunika vile vile kibichi, nikakitia kwenye kiboksi cha barafu.

Na hapa niseme jambo ambalo Mahege halijulikani. Jelatini tunayotumia huja katika kopo jeupe. Ubavuni mwa kopo, kwa herufi ndogo za Kiingereza, imeandikwa imetokana na ngozi ya nguruwe. Tuliagiza ya ng'ombe. Ilipokuja hiyo hakuna aliyeirudisha, kwa sababu nani atakula? Nilikuwa nimesoma herufi hizo mara mia. Hata Ijumaa ile nilizisoma, kopo likiwa mkononi, na kopo jingine halikuwepo.

Nilifika Mahege Jumamosi alasiri. Shangazi alikuwa ameandaa kila kitu, kwani nilimwambia nakileta. Ameoga, amevaa nguo ya josho. Sanda ameikata kipande cha ukubwa wa leso. Pamba ipo, kafuri ipo, udi unafuka. Na juu ya kigoda, bakuli kubwa la udongo, pembeni sufuria ya maji ya majani ya mkunazi, ya vuguvugu, kama anavyowaoshea wote, kwa kuwa hamwoshi mtu kwa maji ya baridi. Safari hii hakuchimba ufuo. Alisema halipotei hata tone.

Nilipoyaona maji yale nikakivuta kiboksi kwangu. Jelatini isiyogandishwa haivumilii joto. Hata joto la kiganja haivumilii sana.

"Shangazi, usikioshe."

"Kwa nini?"

Ningemwambia kinayeyuka, angeniuliza kimetengenezwa na nini. Nikasema, "Kimeshaoshwa maabara."

"Kimeoshwa na nani?" akaniuliza. "Kwa nia gani?"

Nikafungua kiboksi. Akakipokea. Alikiweka kwenye kiganja cha kushoto, akakitazama sana, kitu chenyewe chepesi, cheupe, kinaakisi mwanga wa dirisha. Akatabasamu. "Alisema umchape mweupe," akasema, na machozi yakamtoka, nikamwona amefurahi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Akatia nia, akachota kata, akamimina.

Maji ya kwanza kingo zilikwenda. Alidhani ni uchafu unatoka. Maji ya pili kikawa kama ute wa yai, kikateleza kati ya vidole. Akakikinga kwa mkono wa pili, akakibana, na kadiri alivyokibana ndivyo kilivyokwisha. Josho ni mara tatu, na ya tatu ina kafuri. Aliimimina ya tatu kwenye kiganja kitupu, taratibu, mpaka kata ikaisha.

"Kimekwenda wapi?" akauliza.

Nikakifunika kiboksi cha barafu kitupu.

"Hemedy, nimemfanya nini mwanangu?"

"Hukumfanya kitu, shangazi. Ile ni... kuna gundi ndani yake. Gundi ndiyo imeyeyuka."

"Gundi ya nini?"

"Ya ng'ombe," nikasema.

Alitazama bakuli. Nilidhani atapiga kelele, nami nilitaka apige. Badala yake akaichukua ile sanda ndogo akaitumbukiza ndani ya bakuli, akaigeuza na kuigeuza mpaka ikanywa maji yote, akapangusa hata ukingo. Akaikunja bila kuikamua, akaitia pamba, akaifunga ncha mbili. Tukaenda makaburini sisi wawili na Zena. Nilichimba mimi, kwenye ubavu wa kaburi la Salwa, chini kabisa. Nilikishusha mimi.

Tukirudi akaniuliza, "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, shangazi."

Hitima ilisomwa kesho yake. Watu walikula, wakamwombea, wakasema sasa Bi Waride amerudi. Nikarudi Dar siku hiyo hiyo.

Wiki tatu baadaye nilikuwa maabara, nimeshika chupa ya sampuli ya kumi na saba. Kazi yangu siku hizi ni pamoja na kuzilisha seli. Ndivyo wanavyoita, kuzilisha, unamwaga maji ya zamani unatia mapya. Simu ikalia. Zena. Mama yake, Bi Hadija, amefariki alfajiri, na shangazi amekataa kumwosha. Bi Hadija, mtu aliyesuka naye mikeka tangu usichana wao. Maiti imelala, wanawake wamekusanyika, mwosha hataki kutoka ndani. "Zungumza naye wewe. Wewe anakusikiliza."

Akampa simu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usinisumbue. Waambie watafute mtu Mbwara."

"Bi Hadija alikuachia wasia umwoshe wewe."

"Najua. Lakini mikono hii si ya kuoshea tena. Tangu siku ile nikishika kitu naona kinakwisha. Nilimshika mwanangu akaisha mkononi. Hadija nimfanye vile? Miaka thelathini na moja sijapoteza unywele wa mtu, nikampoteza Salwa." Akavuta pumzi. "Nambie kweli, Hemedy. Ni mikono yangu?"

Sentensi ya kumponya nilikuwa nayo. Fupi tu: si mikono yako, shangazi, kile kingeyeyuka mkononi kwa yeyote, nilijua kabla hujamimina. Lakini nikiitoa hiyo, nyuma yake inakuja nyingine, ya kopo jeupe na kilichomo ubavuni mwa kaburi la Salwa. Na nyuma ya hiyo, ya chupa niliyoishika, ambayo niliificha siku ile niliposema ndiyo yote. Niliziona zote zimepangana kama kwenye fomu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, shangazi," nikasema. "Basi nitawaambia watafute mtu Mbwara."